Mzee wa Matangi ya Shaba

Kiwanda chetu nje ya Ruiri kilisafisha shaba chakavu: nyaya kuukuu na mota za pampu zilizoungua. Tuliiyeyusha, tukaimimina kuwa sahani nene, na sahani hizo tukazining'iniza ndani ya matangi ya asidi. Umeme ukapita, ukaihamisha shaba kidogo kidogo hadi kwenye sahani nyembamba zilizoelekeana nazo. Shida yetu ilikuwa mgao. Sahani moja ilipata umeme mwingi, ikaota vinundu na kugusa jirani yake. Nyingine ilikaa na njaa.

Nilipoajiriwa kama injinia nilimkuta mzee mmoja wa Mitunguu, kibarua wa miaka mingi. Kila asubuhi alipita akigusa, kwa mgongo wa mkono, vyuma vilivyobeba sahani, apate kujua joto la kila kimoja.

"Hii imekunywa sana," aliniambia. "Hii ya pembeni haijapata kitu. Tazama pale inapokalia, kuna ukoko wa kijani. Kikalio chenyewe ni chembamba, uchafu kidogo tu unaziba njia."

Nilipima kwa mita. Hakuwa amekosea.

Kutokana na maneno yake nilichora vikalio vipya vya shaba, vipana, vyenye mfereji ili kila sahani itulie, kisha nikafunga kipimo cha umeme kwa kila moja. Vinundu vikapungua, shaba ikatoka laini. Ripoti niliiandika na kuitia sahihi yangu. Yeye sikumtaja.

Miezi michache baadaye, meneja akasema hakuna haja tena ya mtu wa kugusa vyuma. Nilikuwa mle mle ofisini. Sikufungua mdomo.

Mzee alipokwisha kuachishwa kazi, nilimtembelea kwake, katikati ya migomba. Nilikwenda kumwomba msamaha, lakini aliniwahi.

"Injinia, ile safu ya mwisho bado inapata moto?"

"Hapana, mzee. Imetulia."

"Basi ni vizuri. Ilinisumbua sana ile."

Aliniuliza habari za wazazi wangu, mkewe akaleta chai, jua likapungua. Nikaaga bila kusema kilichonipeleka.

Mwaka huu tulimzika. Bintiye alisoma wasifu: mkulima, mzee wa kanisa, aliwahi kuwa kibarua kiwandani. Basi. Mchungaji akauliza kama yupo mtu wa kazini mwenye neno. Wachache waligeuka kunitazama, maana nilikuwa nimevaa koti la kiwanda. Niliinamisha kichwa kama mtu anayeomba, mpaka wimbo ukaanza.