Daftari la Ngoja

Juzi kwenye ofisi moja ya ardhi, mjane mmoja wa Bofu alimuuliza karani kama hati ya shamba lao imetoka.

"Iko processing, mama."

Mama akafungua daftari la marehemu mumewe, akapitisha kidole. "Neno hilo mume wangu alishapewa. Akapewa pending, akapewa under review. Kila neno aliliandika, akirudi nyumbani ananambia ni ngoja tu, wamelivisha kanzu nyingine."

Kwetu ngoja ni neno zito. Mwenye haya hamwambii mtu mzima mara mbili. Kimombo kina kabati zima la kanzu zake.

Karani akaangalia kompyuta tena. "Basi iko in progress."

Mama akamsukumia daftari na kalamu. "Niandikie, mwanangu. Hili marehemu hakuwahi kulipata."