X ya Raheli

Watu wa barabara walipotangaza kwamba wanapanda mlimani na rangi nyekundu ya kuchora X kwenye nyumba za kubomolewa, Kwemnavu nzima iliingiwa na baridi. Kila mwenye nyumba karibu na njia aliamka akiutazama ukuta wake kama anavyotazamwa mtoto mwenye homa. Raheli peke yake alishika ufagio, akaondoa utando wa buibui, kisha akapaka chokaa ukuta wote unaoelekea njiani, juu mpaka chini. Alitaka X ikiwekwa ionekane vizuri.

Raheli ni mjane, kichwa kimeshaingia mvi, na mwanawe wa pekee, Tobia, yuko Tanga anahangaika na maisha yake. Miguu yake haijui kutulia. Ukimkuta amekaa, jua anamenya viazi, na viazi vikiisha anasimama. Asubuhi yuko kwenye kabichi zake, mchana ameshafika kwa jirani, jioni yuko ukingoni mwa kilima anatazama bondeni kana kwamba kuna mtu kamuahidi kuja. Kanisani wamezoea kumwachia nafasi karibu na mlango, maana mahubiri yakirefuka kidogo tu utamwona anatoka kwenda kuangalia kama mvua inakuja.

Kitongoji chenyewe kimekaa juu huko, nyuma ya Mlola, mahali ambapo gari lilikuwa halifiki. Mboga zilishuka vichwani mwa wanawake. Wagonjwa walishuka kwa machela, yaani miti miwili na blanketi, wanaume wanne mabegani. Kwa hiyo redio iliposema kwamba sera sasa ni kuunganisha mashamba ya milimani na barabara kuu ya Mombo, ili mazao yawahi kuingia kwenye ushoroba wa kwenda bandarini, watu walicheka sana. Neno ushoroba walilijua la mapito ya tembo tu, wale wanaopita kule chini Mkomazi. Wakaulizana kama ni tembo ndio watakaopandishwa huku kula kabichi. Raheli hakucheka. Alilisikia neno moja tu, barabara, na tangu siku hiyo hakuna mkutano uliompita.

Sababu yake ilijulikana. Katikati ya njia ya kushuka kuna jiwe kubwa, na mahali pale panaitwa Pokezaneni, kwa kuwa ndipo wabebaji wa machela hupiga kelele ya kubadilishana mabega. Kristian, mumewe, alitelemshwa pale akiwa bado anaongea. Aliuliza kama maharage yaliyoanikwa yamefunikwa, maana wingu lilikuwa limefunga. Wakatua, wakapokezana, wakanyanyua, na Raheli aliyekuwa anatembea ubavuni akamjibu kwamba yamefunikwa. Kristian hakuwa na haja ya jibu tena. Tangu hapo Raheli hawezi kupapita pale bila kukaza mwendo, na kila akisikia kwamba mtu wa Kwemnavu anaumwa, yeye ndiye wa kwanza kutoka nje kuitazama njia.

Basi wapimaji wakaja, wakiongozwa na mhandisi binti aitwaye Janeth, viatu vyake vimejaa tope na heshima yake kamili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Ukuta ni ule pale, nimeshautayarisha."

Janeth akautazama ukuta, akatazama ramani. "Mama, barabara inapita bondeni. Huku juu mwinuko ni mkali, tumeshapima. Usiwe na wasiwasi, nyumba yako iko salama kabisa."

"Salama ya nini?" Raheli akauliza.

Binti hakuelewa swali. Wengine wote aliokutana nao njiani walimwomba awahurumie nyumba zao. Akaaga kwa adabu, akashuka na rangi yake, na Raheli akabaki mbele ya ukuta mweupe kama mtu aliyepika kwa ajili ya wageni waliokwenda kula kwa jirani.

Jirani mwenyewe alikuwa Mwajuma, rafiki yake wa tangu usichana, anayekaa kule bondeni. Raheli alimkuta ameketi juu ya kinu kilicholazwa, analia. Ukutani kwake palikuwa na X kubwa, na chini yake namba.

"Mama Tobia, mimi nimekwisha. Nyumba niliyojengewa na marehemu, leo imechorwa kama gunia!"

"Unalia nini wewe? Utalipwa fidia, na gari litapita mlangoni kwako."

"Mlangoni? Litapita kitandani!"

"Mwenzako nimenyimwa."

Mwajuma akaacha kulia, akamkodolea macho. "Umenyimwa X? Haya, chukua yangu! Ing'oe na ukuta wake, ujitwishe uende nayo!"

Wakacheka mpaka wakashikana mikono, halafu wakalia tena, safari hii wote wawili, kila mmoja kwa lake.

Siku ya gulio, Kwemnavu yote iliposhuka Mlola, Raheli hakwenda. Alikuwa na rangi nyekundu ndani ya kopo, iliyobaki tangu walipopaka milango ya shule. Akaikoroga kwa kijiti, akafunga kitambaa kwenye kijiti kingine, akachora. Rangi ilikuwa nyepesi. Alipomaliza alirudi nyuma kutazama, akaona aibu, akaona na furaha, akaingia ndani akafunga mlango. Alifikiri wapimaji wakirudi watadhani ni kazi yao, wataendelea nayo. Nami nasema hayo yalikuwa mawazo ya mtu aliyechoka kusubiri, si ya mtu mjinga.

Waliorudi kwanza hawakuwa wapimaji. Walikuwa watu wa gulio, na mbele yao Abubakari, mwenyekiti wa kitongoji, mtu wa furaha za haraka.

"Wamerudi!" akapiga kelele. "Jamani, wamerudi wametuweka na sisi!"

Kwingine X ikionekana ukutani watu hutafuta wakili. Kwemnavu si kwingine. Shule waliianza wenyewe, zahanati ya jirani waliisombea mawe wenyewe, na desturi yao ni kwamba serikali ikionyesha kidole tu, wao hutangulia na majembe, isije ikabadili mawazo. Abubakari hapohapo akatangaza msaragambo, kila nyumba itoe mtu siku ya Alhamisi, waanze kuchimba njia kutoka bondeni kupanda mpaka kwa Raheli.

Raheli alifungua mlango aseme. Abubakari akamshika mikono yote miwili, macho yamemlowa. "Mama, mimi nilikuwa bega la mbele siku ile ya mzee Kristian. Hujui ninavyoliota lile jiwe."

Mdomo wa Raheli ukajifunga wenyewe. Kuchora X lilikuwa kosa dogo. Kosa lake kubwa ni hilo la kunyamaza, na yeye mwenyewe alilijua saa ileile.

Wakachimba. Alhamisi baada ya Alhamisi, Waislamu na Walutheri, wenye nguvu na wenye maneno. Waliing'oa mizizi, wakabingirisha mawe, wakapanga kona ya kupunguza mwinuko, wakalizungusha lile jiwe la Pokezaneni. Hakuna aliyechimba kama Raheli. Alikuwa anafika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na akiambiwa apumzike alikuwa mkali. Chakula kilimkinaisha. Kila jembe lililoinuka aliliona linainuliwa kwa uongo wake, na hata hivyo hakutaka liache kuinuka.

Mwajuma alipanda siku moja na chupa ya chai, akasimama muda mrefu mbele ya ukuta.

"Yangu ina namba chini," akasema taratibu. "Yako ina machozi."

Kweli rangi ilikuwa imechuruzika kutoka kwenye kila mguu wa ile X. Raheli akakwangua mchuruziko mmoja kwa ukucha.

"Utamwambia nani?" akauliza.

"Mimi nimwambie nani? Ni wewe wa kusema. Kunywa chai."

Njia ikapanda mpaka ikafika uani kwa Raheli. Upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, na nyumba katikati. Ng'ambo yake, nyumba nyingine zote za Kwemnavu. Hapo ndipo Janeth alipotokea, amepanda kwa miguu akifuata udongo mpya, amepigwa na butwaa. Watu wakamshangilia. Yeye akaenda moja kwa moja ukutani.

"Hii X si yetu," akasema. "Nani kaiweka?"

Abubakari akageuka huku na huku, na Raheli akaona jinsi macho ya watu yanavyoanza kumwelekea mwenyekiti wao, aliyewaita. Akasogea mbele.

"Mimi," Raheli akasema.

Abubakari alimsogelea polepole. "Mama Tobia. Muda wote huu tunachimba kwa X yako mwenyewe?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningewaambia, mngechimba?"

Wako waliotupa majembe chini. Mmoja alitukana, Mwajuma akamkemea. Janeth akasubiri kelele zipungue, ndipo akasema kwamba kazi waliyoifanya si mchezo, ile kona imeupunguza mwinuko, na barabara iliyofunguliwa na wananchi anaweza kuiombea itambuliwe, greda lije liisawazishe. "Lakini lazima ipenye mpaka kwenye makazi. Ikiishia hapa uani, itahesabiwa njia ya shamba. Na hii nyumba, mama, siwezi kuiombea fidia. Haina namba. Samahani sana."

Hakuna aliyemtazama Raheli usoni. Nyumba ile ndiyo mali yake yote, alizalia humo, matanga ya mumewe yalikaliwa humo. Akaingia ndani. Akatoa godoro, masufuria, Biblia, picha ya Kristian akiwa na koti la harusi. Mwajuma akapokea kimoja kimoja. Kisha Raheli akachukua jembe, akasimama mbele ya X yake, akapiga katikati. Udongo ukamrukia usoni. Akapiga tena, analia waziwazi, anapiga. Ukuta wa udongo uliokauka miaka mingi haukuwa na haraka ya kuanguka, na mikono yake ilianza kulegea.

Abubakari alikuwa bado amekunja uso. Akaja nyuma yake, akashika mpini.

"Mama," akasema, "tupokezane."

Raheli akamwachia jembe. Wengine wakaokota yao.

Siku hizi anakaa kwa Mwajuma, ambaye fidia yake ilijenga nyumba mpya juu kidogo ya barabara, yenye chumba cha ziada. Wanagombana kila asubuhi juu ya nani kafagia vibaya. Greda lilikuja baada ya mvua. Na gari la kwanza lililopanda Kwemnavu kumfuata mgonjwa lilimfuata mama yake Abubakari, aliyebanwa na kifua. Raheli alisikia mngurumo, akatoka mbio mpaka pale ilipokuwa nyumba yake, ambapo njia yote ya kushuka inaonekana.

Gari likamchukua bibi, likageuka, likaanza kushuka. Raheli alilifuata kwa macho, mikono kaikunja kifuani. Likapita kona. Likakaribia jiwe la Pokezaneni, naye akapiga hatua mbili za haraka, kana kwamba yuko ubavuni mwake.

Gari halikusimama. Lilipita jiwe kama mawe mengine, likaendelea kushuka mpaka vumbi lake likatulia.

Raheli akakaa chini, hana hata kiazi cha kumenya.