Programu Isiyo na Sahihi

Juzi nilikimbilia saiba moja, duka la intaneti la mtaa wa Mbotela, mtoto mgongoni, laptopu kwapani, roho juu. Humo laptopuni mlikuwa na wasifu wa marehemu niliokuwa nikiwapigia watu chapa, nakala nyingine sina, na familia inasafirisha mwili kesho yake. Nilichotaka ni programu ya kupanga picha kwenye kijitabu cha mazishi, basi.

Mwenye saiba akachomeka flashi yake kwenye laptopu yangu. Mara onyo likatokea: programu haina sahihi, aliyeitengeneza hajulikani.

"Siz, hizo ni kelele tu," akasema huku akitafuna njugu. "Bonyeza kubali. Hata hii antivirasi wacha niizime, inatusumbua bure."

"Na ikila kazi yangu?"

"Haiwezi. Naiamini mia fil mia."

"Basi iweke kwa yako kwanza, nione."

Akaacha kutafuna. Akaivuta laptopu yake hadi kifuani, akaikumbatia kwa mikono miwili.

"Zii, siz. Hii iko na kazi za watu."

Nikachomoa flashi yake. Nyumbani nikanakili wasifu kwanza, nikaishusha programu kutoka tovuti ya walioitengeneza, antivirasi ikaipekua, ndipo nikakubali.

Kwa hivyo, msomaji, ukiambiwa programu fulani haina neno, usijisumbue na maswali ya kitaalamu. Omba iwekwe kwanza kwenye mashine ya anayekuambia, halafu mwangalie mikono.