Kanga ya Mpiga Piano

Jumamosi iliyopita, kwenye ukumbi mmoja wa Mtendeni, mzee wa Kimarekani alitupigia piano tungo zake mwenyewe. Amezeekea katika kumbi ambako hata kukohoa ni kosa. Katikati ya kipande cha kwanza, mama mmoja aliinuka, akamfuta jasho kwa kanga, akamvika mabegani, kama tunavyomtunza msanii aliyetukuna mioyo. Vidole vya mzee vilisimama.

"Nimekosea wapi?" alimuuliza mkalimani wake aliyekaa kando.

"Hujakosea. Umetunzwa."

Kipande cha pili hakuna aliyeinuka. Alipomaliza tulipiga makofi, lakini yeye alimgeuzia mama uso wenye jasho, akasubiri.

"Hicho bado, baba," mama alisema. "Kakifanyie mazoezi."

Nasikia kwao wahakiki huandika kurasa nzima kusema hivyo.