Shule Iliyofuata Kilabu

Juzi nilimsindikiza jirani yangu wa Ngulyati, muuza pombe ya mtama, kwenda ofisini Bariadi kuomba leseni.

"Mama, kilabu chako kiko karibu sana na shule," karani akamwambia.

"Mwanangu, shule ndiyo ilinifuata! Waliofyatua matofali yake niliwanywesha bure mpaka wakamaliza."

"Sheria inapima mita, mama. Haiulizi nani alitangulia."

Jirani akanigeukia. "Bibi, si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, nilibeba maji ya kukandia udongo," nikasema.

Karani akainamisha kichwa. "Hata mimi nimesoma pale," akasema, akamrudishia fomu bila muhuri.

Mpaka leo sielewi. Kama pombe ile haifai kukaa karibu na shule, hayo matofali nayo tuyapeleke wapi?