Geji imekufa, mzee ana kijiti

Leo nimegoma kurusha ndege kwa sababu ya mshale mmoja tu. 😅

Niko kiwanja cha ndege cha Dirma, anga jeupe, mizigo imeshapakiwa. Nawasha, mshale wa geji ya mafuta umelala kwenye sifuri. Na tenki nimejaza mwenyewe asubuhi!

Sheria iko wazi: geji ikifa, hakuna kuruka. Nikazima.

Abiria wangu, mzee mkulima wa ngano anayewahi harusi ya mjukuu wake Arusha kesho, akanikazia macho.

"Kijana, trekta yangu geji ilikufa zamani. Napima kwa kijiti. Kata kijiti twende!"

Jamani, nilikaribia kukikata. Nikampa shikamoo ya pili kwanza, nipate pa kuanzia.

"Mzee wangu, trekta ikiishiwa mafuta unashuka. Kule juu tutashukia wapi?"

Akafungua mkanda.

Tukapata gari la kwenda Katesh, yeye akapande basi la Arusha, mimi nikatafute fundi. Mzee akamuuliza dereva kwa ukali, "Geji yako nzima?"

"Ilikufa mwaka juzi, mzee."

Tukapanda hivyo hivyo.

Sasa hivi tuko njiani, Nangwa, mafuta yamekwisha, tunasukuma. Mzee anacheka mpaka machozi:

"Rubani, hapa ndipo pa kushukia!"

Nyie mngekata kijiti? 😂