Mama Kizimbani

Julai hii baridi ilinishika vibaya, nikatoa hita ya zamani chini ya kitanda nikaiwasha. Ikaanza kutoa ile harufu ya vumbi linaloungua taratibu juu ya waya wa moto, harufu kavu, kama nywele zilizopitiwa na mshumaa kwa mbali. Nikaketi kitandani bila hata kuvua viatu. Kwa muda sikuwa mwanamke wa umri huu mwenye magoti ya kulalamika. Nilikuwa Makongeni, kwenye sakafu ya saruji ya Mama Atieno, miguu nimeiosha mpaka magotini, nikingoja televisheni ipate moto.

Ninyi mliozaliwa mkakuta picha ziko mfukoni hamwezi kuelewa kungoja kwenyewe. Televisheni ya Mama Atieno ilikuwa sanduku la mbao lenye miguu minne na vilango viwili vya kufungwa kwa ufunguo. Juu yake kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, na juu ya kitambaa, picha ya harusi. Mumewe alikuwa dereva wa gari moshi, na katika safu yetu yote ya nyumba za reli ni yeye tu aliyekuwa na kitu kama hicho. Ukiiwasha, ilinguruma kwanza, ikanuka, kisha nukta nyeupe ikatokea katikati ya kioo na kupanuka polepole mpaka ikawa mtu. Sheria za Mama Atieno zilikuwa chache na hazikuwa na rufaa: miguu isafishwe, watoto wakae chini, na yeyote atakayekohoa habari zikisomwa akamalizie nje.

Mwaka ule, mwishoni mwa miaka ya sabini, ulianza mchezo mpya wa polisi na mahakama. Ulikuwa na jina lake refu lililoandikwa kwa herufi za mapambo, lakini sisi watoto tuliuita Karao na Korti, maana karao ndilo jina tulilowapa polisi tangu tujue kukimbia. Nusu ya kwanza, Inspekta mmoja mwenye koti refu alipekua nyumba za watu na kunusa vikombe. Nusu ya pili tuliingia kortini: hakimu juu, wakili wa serikali na kidole chake kirefu, na mshtakiwa kizimbani. Watu walizungumza Kiswahili na walifanana na watu wa kwetu wa pale kwenye mfereji. Kesi ilikuwa moja tu, na ilivutwa wiki hadi wiki msimu mzima. Mwanamke aitwaye Rehema alishtakiwa kumwekea mumewe sumu kwenye chai.

Rehema alikuwa mama yangu.

Mama aliitwa Ndunge, na kazi yake ilikuwa kwenye mashine za kusokota nyuzi, katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, ng'ambo ya reli. Mkamba wa Machakos, lakini alilelewa Changamwe ambako babu alikuwa akifanya kazi bandarini, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Chetu sisi wa Makongeni kilikuwa kikichechemea, mguu mmoja Kikamba, mwingine Kijaluo. Krismasi moja kanisani alipewa sehemu ya mke wa mwenye nyumba ya wageni, yule anayewaambia Yosefu na Mariamu kwamba hakuna nafasi. Alilisema neno lile kwa uchovu mkubwa hivi kwamba waumini walimhurumia yeye badala ya Mariamu. Nyuma ya kanisa aliketi bwana mmoja mwenye miwani minene, mtengenezaji wa michezo ya televisheni, aliyekuja kumtembelea dada yake. Ibada ilipokwisha alimngoja Mama mlangoni.

Nakumbuka jinsi Mama alivyorudi nyumbani siku hiyo. Alicheka peke yake akimenya viazi. Sikuwa nimezoea kumsikia akicheka bila mtu kumchekesha.

Kazi ya mchezo ilifanyika mchana, na mchana Mama alikuwa wa kiwanda. Alimwendea msimamizi wake kuomba ruhusa ya siku chache chache. Msimamizi akamjibu mbele ya wenzake wote, "Kama unataka kuwa nyota, basi ng'aa usiku," akamhamishia zamu ya usiku. Mama alilipokea kama alivyoyapokea mengi. Alituambia, "Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Mimi sasa nachumia gizani, sijui nitalia wapi."

Kwa hiyo ikawa hivi. Asubuhi tulipoamka, Mama alikuwa anaingia mlangoni na nyuzi nyeupe za pamba kwenye nywele, mpaka mdogo wangu Musyoka akadhani ameota mvi. Alipika uji, akanichana nywele huku mkono wake ukisimama mara kwa mara kichwani mwangu kana kwamba umesahau ulikokuwa ukienda. Kisha alioga, akavaa gauni lake la buluu, akaenda mjini kushtakiwa. Jioni alilala nyuma ya pazia lililogawanya chumba chetu, mpaka saa ya kwenda kiwandani ifike. Na jioni hiyo hiyo, siku ya mchezo, sisi tulikuwa kwa Mama Atieno tukimtazama.

Hebu nifikirieni mimi, mtoto wa miaka minane, ambaye hakuna aliyemweleza kwamba picha hunaswa leo na kuonyeshwa kesho. Niliambiwa, "Usiende kule nyuma ya pazia, Mama amelala." Nilitii. Nilivuka kwenda kwa jirani, na huko nilimkuta Mama amesimama mbele ya hakimu, amevaa gauni la buluu, polisi kila upande. Sikuwa mjinga. Nilijua nyuma ya pazia hakukuwa na mtu. Neno "amelala" lilikuwa lile lile walilotumia watu wazima kuficha mambo, kama walivyosema babu amelala siku tuliyompeleka kaburini.

Mtaa wote uliingia kwenye kesi. Pale kwenye mfereji wa maji akina mama waligawanyika pande mbili. Wengine walisema Rehema hakufanya, wengine walisema alifanya na alikuwa na haki. Mama Atieno, ambaye alikuwa na sauti ya kusikika mpaka karakana za reli, alimshika Mama mkono, Mama akiwa na ndoo kichwani, akamwita kwa Kijaluo binti wa Machakos.

"Nyar Machakos, niambie mimi peke yangu. Ile sumu ni wewe?"

"Mimi hata sijui, Mama Atieno. Hunipa karatasi za siku moja moja tu."

"Basi waambie ni yule shemeji yake. Macho yake siyapendi."

Baba yangu alikuwa karani kwenye ghala la mizigo. Mwanzoni alijivuna. Kisha utani wa kazini ukaanza. "Karani, bado unakunywa chai nyumbani?" Alicheka nao, na akatusimulia huku akicheka. Lakini mimi ndiye niliyeosha vikombe, na nikaanza kukuta kikombe chake kimejaa chai iliyopoa, imefanya ngozi juu. Alikuwa akinywea kibandani, karibu na kazini. Sidhani aliogopa sumu. Nadhani aliogopa kuchekwa, na ugonjwa huo una dawa chache zaidi. Mama alikuwa akimwaga ile chai mtaroni, kisha ananirudishia kikombe nikioshe.

Siku ya hukumu ikafika. Mama Atieno alifungua madirisha ili waliokosa nafasi watazame kutokea nje, na watu wa mtaa wa Shauri Moyo ambao hatukuwajua walisimama kwenye matuta yake ya sukumawiki. Baba alikuja pia, akasimama karibu na mlango. Wakili wa serikali alinyoosha kidole chake kirefu kwa mara ya mwisho. Hakimu akainamisha miwani akauliza, "Mshtakiwa, una neno lolote kabla sijatoa hukumu?"

Mama akasimama. Akashika ubao wa kizimba kwa mikono miwili. Uso wake ulijaa kioo kizima, na kwa muda mrefu hakusema kitu. Macho yalijifunga, yakafunguka. Nje mtoto alianza kulia na mtu akamziba mdomo. Ndipo Mama akasema, kwa sauti ndogo ambayo ilibidi tuinamie mbele kuisikia:

"Nimechoka, mheshimiwa."

Akaketi.

 Halafu Mama Atieno akaanza kulia, na akina mama wengine wakamfuata mmoja mmoja, hata wale waliosema Rehema alifanya. Hakimu alisoma maneno mengi. Nilichosikia ni "hatia," na "kifungo cha maisha," na nikaona polisi wanamshika Mama mikono na kumteremsha ngazi.

Sikulia. Niliwapenya watu nikatoka nikakimbia nyumbani. Nikavuta pazia. Mama alikuwepo, anafunga kanga kiunoni juu ya nguo za kazi, viatu vya mpira tayari miguuni. Nilimkumbatia miguu yote miwili.

"Mumbua, una nini? Niache, nitachelewa."

"Usiende. Wamesema maisha."

Hakuelewa nilichosema, au alielewa na hakuwa na nguvu ya kueleza. Baba alikuwa ameingia nyuma yangu. Alimtazama Mama, akanitazama mimi, akasema, "Mwache aone unakokwenda. Twende sote tukusindikize." Musyoka akaachwa kwa Mama Atieno, nasi watatu tukavuka reli giza likianza kuingia, Baba amebeba mfuko wa chakula cha Mama. Sijui kama aliwahi kuubeba kabla ya hapo.

Alikusudia kunituliza, maskini. Tulifika kwenye ukuta mrefu wenye vigae vya chupa juu. Lango lilikuwa la chuma, na mbele yake alisimama askari mwenye rungu. Wanawake walipanga foleni kimya, na mwanamke mwingine mwenye sare aliwapapasa mmoja mmoja kuanzia kwapani hadi kwenye vifundo vya miguu. Mama alipanga foleni. Akapapaswa. King'ora kikalia, lango likafungwa, na ndani kukaanza mngurumo uliofanya ardhi itetemeke chini ya viatu vyangu.

Nikajua ndiyo jela.

Baba alisema, "Umeona? Ni kazini tu." Nikaitikia kwa kichwa kwa sababu nilimhurumia, nikidhani yeye ndiye asiyejua. Kwa wiki nyingi baada ya hapo niliishi nikiamini kwamba mama yangu ni mfungwa wa maisha ambaye serikali, kwa huruma yake, humruhusu kutoka asubuhi kutupikia uji. Nilijitahidi kuwa mtoto mwema ili wasibadilishe mawazo.

 Asubuhi iliyofuata niliamka nikamkuta amechuchumaa mbele ya jiko la makaa, anapuliza, macho yanatoka machozi kwa moshi. Mwanamume mbele ya jiko lilikuwa jambo ambalo safu yetu haikuwahi kuona, na Mama Atieno alipita mlangoni bila sababu mara kadhaa kulithibitisha. Mama alipoingia na pamba yake kichwani, Baba alimpa kikombe, akajimiminia chake kutoka birika lile lile. Ilikuwa na majani mengi mpaka ikawa chungu kama mwarobaini. Walikunywa wote wawili mpaka wakafikia masalio.

"Nimechoka, mheshimiwa" ilizunguka mitaa yote ya Eastlands mwaka ule. Makondakta waliisema. Wanafunzi walimjibu mwalimu wa hesabu hivyo na wakala viboko. Wageni walimsimamisha Mama barabarani kumpongeza: kumbe mtu anaweza kuigiza namna hiyo! Yeye alitabasamu, akashukuru, akaendelea na safari. Bwana wa miwani minene alimwomba arudi msimu wa pili, aigize rufaa ya Rehema, naye akakataa. Baba alimsihi, ndiyo, Baba yule yule. Akakataa. Mchezo uliendelea bila yeye, wakaleta mshtakiwa mwingine, na sisi tukawa tunautazama kwa mazoea tu. Mama alirudishwa zamu ya mchana, akasokota nyuzi mpaka kiwanda kilipofunga.

Nilikuwa tayari mtu mzima, nina watoto wangu na zamu zangu, niliposikia mengine. Tulikuwa tunachambua mchicha kwake Machakos. Nikamwambia hakuna mwandishi ambaye angeweza kumpa neno zuri kuliko lile la kizimbani.

"Mwandishi alinipa ukurasa mzima," Mama akasema. "Habari za mume, habari za Mungu, habari za haki. Niliukariri mbele ya mashine usiku kucha. Nilipoinuka pale, hapakubaki hata neno moja. Nikasema lililokuwepo. Nikadhani watanifukuza, kumbe wanapiga makofi."

 Uso ule uliojaa kioo kizima, ambao mtaa ulilia kwa ajili yake, nilikuwa nimeuona kila asubuhi ukiinamia sufuria ya uji, na sikuwahi kuulizia. Nikamuuliza kwa nini basi hakuacha mapema, kwa nini alijitesa msimu mzima, kiwanda usiku na korti mchana.

Aliendelea kuchagua majani mabovu.

"Kiwandani hakuna kiti," akasema. "Unasimama tangu uingie mpaka utoke. Kule kortini, mashahidi wakiwa wanasema, mshtakiwa hukaa. Na mashahidi walikuwa wengi, mwanangu. Walikuwa wakisema weee, nami nimekaa."